Binti na Kengele ya Misheni

Barabara ipitayo Mbezi Beach huelekea Bagamoyo, ambako misheni ya Kikatoliki ilijengwa mwaka 1868. Lakini chimbuko lake ni Unguja: mwaka 1860 Padri Armand Fava aliwasili humu kutoka Réunion pamoja na masista sita. Wasichana waliokombolewa utumwani walifunzwa sala, kushona na kulima, wakaishi pamoja kwa kufuata kengele. Walitarajiwa kuolewa na vijana wa misheni na kuanzisha vijiji vya Kikristo. Uhuru wao, basi, ulikuwa na mpaka.

Takriban karne moja baadaye, Masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua sekondari ya wasichana ya Marian, Morogoro. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaitia mikononi mwa Serikali, nayo ikaitwa Kilakala. Hapo binti akatarajiwa kulitumikia taifa.

Leo shule za Kanisa zimeenea tena, na mzazi alipaye ada Mbezi Beach hutarajia alama za mtihani. Matarajio yamebadilika, wanaoyapanga wamebaki kuwa watu wazima. Kengele ingali ikilia alfajiri. Je, binti aamkaye kwa mlio wake, nani amemuuliza atakalo?