Weupe wa Ukuta: Chokaa Baina ya Pwani na Mlima

Sisi watu wa visiwani tumezoea kuidhani chokaa kuwa mali yetu, kama karafuu na kama utenzi. Matumbawe ni yetu, tanuri ni letu, na kuta za Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ndizo shahidi. Kwa hiyo mtu wa pwani apandapo Moshi, akaiona nyumba kongwe ya mawe iliyo nyeupe katikati ya migomba, husema upesi: hii imetoka kwetu. Mwenyeji wake naye humjibu upesi vilevile: la, hiyo ni rangi tu, waliileta Wajerumani. Wote wawili wamekosea, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayozibomoa kuta zenyewe.

Weupe una desturi ya kuwapoteza watu katika nchi ile. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima umevaa kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi, basi. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga Afrika, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mimi humpenda yule kiongozi kuliko Cooley. Jina hakulijua, lakini tendo la kitu alilijua, na weupe hakuupima kwa macho peke yake.

Tungeipima chokaa vivyo hivyo, tungekuwa tumejiondolea nusu ya matatizo. Chokaa si rangi. Kosa limo katika lugha yenyewe, maana neno moja tumelibebesha mizigo mingi: chokaa ni jiwe lililochomwa, chokaa ni rojo la kujengea, na chokaa ni yale maji meupe yanayopakwa mawe ya kando ya njia ya ofisi ya serikali siku mgeni mkubwa anapotarajiwa. Aijuaye kwa maana hii ya mwisho peke yake hawezi kuielewa nyumba kongwe.

Jiwe la chokaa likipata moto wa kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi huitoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Linalobaki ni jiwe jepesi, kali, lenye kiu. Likitiwa maji huchemka bila moto, hufumuka, likawa rojo jeupe. Na rojo hilo likiachwa shimoni chini ya maji kwa miezi, hata miaka, huzidi kulainika na kunata. Likichanganywa na mchanga likapigwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa iliyolitoka tanurini, kidogo kidogo, mpaka liwe jiwe upya. Ukuta wa chokaa haukauki kama rangi inavyokauka. Unarudi ulikotoka, na safari hiyo ni ya polepole.

Mafundi wa pwani walizipa kazi hizi majina yake. Kutomea ni kuzijaza nafasi za ukuta kwa vijiwe na chokaa. Kisha huja lipu. Kisha niru, chokaa laini inayosuguliwa hata ing'ae. Maji ya kupaka ni vazi la juu kabisa, la kubadilishwa likichakaa. Sakafu nayo ilipigiliwa kwa vibao siku nyingi, na kazi hiyo ilikuwa na nyimbo zake, kwa kuwa mapigo yasiyo na mizani huacha mashimo. (Wanaokusanya nyimbo za harusi na za uvuvi wangefanya hisani kuzikumbuka na hizi, kabla wapigiliaji wa mwisho hawajatutoka.)

Sasa tupande mlimani. Kilimanjaro ni zao la moto. Miamba yake ni ya volkeno, nayo haitoi chokaa hata ukiichoma mwaka mzima. Lakini isidhaniwe kwamba watu wake walimngoja mgeni ndipo wajue kujenga kwa jiwe. Mangi Horombo wa Keni, huko Rombo, alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19, na Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na boma la mawe ambalo Wajerumani waliokuwa chini ya Wissmann walilivamia mwaka 1891. Mawe hayo yalipangwa makavu, jiwe juu ya jiwe, uzito wake ndio gundi yake. Nyumba ya kulala ilikuwa msonge wa nyasi ulioshuka mpaka karibu na ardhi, watu na mifugo wakakaa humo pamoja. Na nyumba ambayo paa lake ndilo ukuta wake haina haja ya lipu.

Ukuta wa kuvikwa chokaa ulikuja na misheni: Wakatoliki Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig Machame mwaka 1893. Jiwe walilikuta, udongo waliukuta, miamba ya chokaa hawakuikuta. Kabla ya reli mzigo wa pwani ulipanda juu ya kichwa cha mpagazi, na chokaa iliyochomwa bila kuzimwa ni mzigo wa hatari, maana mvua ikiipata njiani huchemka kichwani mwa aliyeibeba. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa leo ukakulia penye kituo, chini ya Moshi ya Kale. Reli hiyo inaanzia katika nchi ya mawe ya chokaa: mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya jiwe hilo, nalo ni jiwe la nchi kavu, si tumbawe lililovunwa baharini. Basi hata ile fahari yetu, kwamba pasipo matumbawe hapana chokaa, ina ufa wake.

Kitu adimu hutumika kwa uchache. Ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa udongo, ukavikwa chokaa nje na ndani kama ngozi, ni suluhisho la watu wenye jiwe tele na chokaa haba. Ngozi hiyo ni nyembamba, na ndiyo nyumba.

Tena si kila unga mweupe wa pande zile ni chokaa. Makanya, wilayani Same, kando ya reli hiyohiyo, huchimbwa jasi. Tambarare za chini ya mlima hutoa magadi, ambayo Wachaga wameyatumia tangu zamani jikoni na kwa mifugo. Jasi iliyochomwa hushika kwa dakika, lakini ikikaa katika maji hulegea, haifai ukuta wa nje. Magadi ni chumvi, na chumvi ndani ya ukuta ni adui. Atakayechanganya vitu hivi kwa sababu vyote ni vyeupe ni ndugu yake Cooley.

Linalobomoa zaidi, hata hivyo, ni imani kwamba chokaa ni dhaifu, na kwamba saruji ni chokaa iliyopata nguvu. Hoja yake ni msumari: kwaruza lipu ya chokaa, itatoa unga, kwaruza saruji, itaharibika ncha ya msumari. Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Fedha ya kahawa ndiyo iliyopandisha saruji na bati mlimani, na sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Ukuta wa matofali ya saruji huvaa saruji vizuri. Shida ni kumvisha mzee koti la mtoto.

Kanda za msitu za kusini mwa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji huingia ukutani kwa juu, na unyevu wa ardhi hupanda kwa chini. Chokaa huupitisha unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani, na udongo unaoyashika mawe hurudi kuwa tope. Nimeiona nyumba moja ya mawe juu ya Moshi, ya nani sitasema, ambayo upande wake wa mbele ulikuwa umepigwa lipu ya saruji miaka michache tu kabla. Kipande kikubwa kama mlango kilikuwa kimeachana na ukuta, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa ilhali hapakuwa na mvua kwa wiki tatu. Upande wa nyuma, ambako pesa hazikufika, chokaa ya zamani ilikuwa imechujuka, ina nyufa nyembamba kama nywele. Ukuta wake ulikuwa mkavu. Fundi kijana niliyefuatana naye alizigusa pande zote mbili kwa kiganja, akanyamaza.

Nyufa zile za nywele nazo si ugonjwa. Maji ya mvua huiyeyusha chokaa kidogo na kuirudisha ndani ya ufa, ukajiziba. Lipu yafaa iwe laini kuliko ukuta, ili ichakae yenyewe badala ya jiwe.

Wapo watakaouliza: chokaa itawezaje mvua ya kule? Jibu limelala chini ya miguu yao. Warumi waliichanganya chokaa na majivu ya volkeno ya Pozzuoli, karibu na Napoli, wakapata mchanganyiko unaoshika hata ndani ya maji. Kuba la Pantheon, lililojengwa katika karne ya 2, bado limesimama Roma. Pwani ina jiwe la kuchomwa, na mlima una majivu yaliyokwisha kuchomwa na Mungu. Huko Holili, karibu na mpaka wa Kenya, majivu ya namna hiyo huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Ajabu ni kwamba fundi wa lipu aliye jirani na machimbo hayo hufundishwa kwamba chokaa haifai nchi ya mvua.

Habari za mayai, kwamba wazee walitia ute wake ndani ya chokaa na siri hiyo wakazikwa nayo, nazipita upesi. Chettinad, kusini mwa India, mayai yalitumika kweli katika lipu ya mwisho ya kung'arisha. Lakini ukuta wa kawaida haukuhitaji yai hata moja. Ulihitaji mchanga safi, rojo lililokaa shimoni, na maji ya kunyunyizwa siku baada ya siku ili lipu isikaushwe na jua kabla haijashika.

Mwenye nyumba kongwe, awe Kibosho au Malindi ya Unguja, na abanjue kipande kidogo cha lipu kabla ya kumwita mtu wa saruji, akitone siki. Chokaa hutoa mapovu, jasi hunyamaza. Kisha na akitazame kwa ubavu, ahesabu matabaka ya maji meupe yaliyolala juu ya lipu. Kila tabaka ni mwaka ambao mtu aliipanda ngazi na ndoo.