Miguu Haisomi Mikataba

Miezi minne baada ya kuachana na yule jamaa, nilijikuta Ijumaa jioni nimesimama kwenye kichochoro huko Marachi, upande wetu wa Busia, mkate mkononi. Sikuwa nimepanga kwenda popote. Nilitoka kazini, nikanunua mkate kama nilivyozoea kila Ijumaa, kisha miguu ikajiendea. Mbele kidogo tu ilikuwa Uganda, na ndani ya Uganda kulikuwa na nyumba yenye geti la bluu ambamo kwa miaka mitatu niliomba msamaha kwa makosa ambayo sikuwahi kuambiwa ni yapi.

Hakuna aliyenipigia simu. Namba yake nilikuwa nimeshaifungia. Nikageuka, nikarudi nyumbani huku nikila ule mkate mkavu barabarani kama mtoto aliyetumwa dukani.

Nilipomsimulia rafiki yangu, aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Kwani bado unampenda?" Kusema kweli, hapana. Ningekuwa nampenda, ningelia nikamaliza. Hiki kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa nimezoea. Kuamka saa kumi alfajiri kukagua simu nione kama amekasirika. Kushusha sauti nikicheka. Kubeba laini ya Uganda kwenye pochi, laini ambayo kazi yake ilikuwa moja tu. Na kupitia njia ya panya badala ya kituo cha mpakani, ili nisikutane na watu wanaonijua, kwa sababu nilishaona aibu ya kurudi kwake mara ya nne.

Njia hiyo ya panya si mimi niliyeichimba. Niliikuta. Na nilipoanza kuuliza ni nani aliyeichimba, jibu lilikuwa limekaa jikoni kwetu, linachambua mboga.

Nyanya yangu mzaa mama, tunayemwita kukhu, anaishi nje kidogo ya Malaba. Amevuka mpaka huu maisha yake yote, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo hakuwahi kupita getini. Kwake yeye mpaka ni kitu cha juzi tu, na hakosei sana. Hadi 1902 nchi hii yote, kuanzia hapa hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza waliuhamishia upande wa pili kwa kalamu tu, kwa sababu ya reli yao, na mstari ukapita katikati ya Wateso, katikati ya Wasamia, katikati ya boma za watu. Shangazi akaamka yuko nchi nyingine bila kutoka kitandani.

Kwa muda mrefu mstari huo haukuuma. Mnamo Juni 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa ushirikiano jijini Kampala, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Desemba mwaka huo. Reli moja, shirika moja la ndege, posta moja, bandari pamoja. Hata vijana wa baiskeli walipata riziki kwenye pengo kati ya vituo viwili vya mpakani: ukishuka kwenye gari upande mmoja, unapakiwa nyuma ya baiskeli hadi upande mwingine, mpaka kwa mpaka, boda kwa boda. Neno bodaboda ambalo leo unalisikia hata mbali na hapa lilizaliwa mpakani hapa. (Watu wa Busia wakianza kubishana na wa Malaba kuhusu ni wapi hasa lilipozaliwa, mimi huondoka.)

Halafu mambo yakaharibika, na yaliharibika kwa namna ninayoifahamu. Si siku moja. Amin alitwaa serikali Januari 1971. Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na vikao vya wakuu wa Jumuiya vikafa. Uganda na Tanzania walishalalamika kwamba viwanda na faida vinakaa Nairobi, na hawakuwa waongo. Februari 1976 Amin akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akitumia ule mstari wa zamani, kama mtu anayefukua ujumbe wa miaka mitano iliyopita ili akuthibitishie kwamba wewe ndiye mwenye kosa. Julai mwaka huo ndege za Israeli zilizotoka kuokoa mateka Entebbe zilijaza mafuta Nairobi, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa kwa kisasi. Kenya nayo ikabana mafuta na mizigo ya Uganda iliyokuwa ikitoka Mombasa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Najua mataifa si wapenzi. Watu walikufa, na mimi nilipoteza miaka mitatu na akiba kidogo. Sifananishi maumivu. Ninachofuatilia ni miguu: ilijifunza nini katika miaka ile.

Ilijifunza usiku. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kilele chake 1977. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuiuzia bodi ya serikali kwa shilingi ambazo hazikununua kitu, maana madukani hakukuwa na sukari, chumvi wala sabuni. Ng'ambo ya pili, Kenya, kulikuwa na pesa taslimu na sabuni. Unategemea nini? Kahawa ikavuka kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa punda. Soko la Chepkube, miteremko ya Mlima Elgon, likageuka jina la utajiri wa ghafla. Amin akaunda kikosi cha kupambana na magendo, kilichoongozwa kwa muda na Mwingereza Bob Astles, na wanajeshi hawakuwa na mchezo.

Kukhu alikuwa msichana tu. Alipeleka sabuni na chumvi, akarudi na kahawa. Anasema alijifunza kutembea bila kukohoa. Alijifunza kwamba mwanga wa tochi ni adui, kwamba mtu mwenye sare hasalimiwi, kwamba ukiulizwa jina unataja la binamu. "Ulikuwa unaogopa?" nilimuuliza. "Mwanzoni," akasema. "Baadaye ukawa mwendo wangu tu."

Mwendo wangu tu! Nilikaa na maneno hayo wiki nzima.

Maana hapa ndipo historia inapokuwa na kejeli. Ugomvi uliisha. Amin aliondolewa Aprili 1979. Mali za ile Jumuiya, mabehewa, madeni, pensheni, ziligawanywa kwa upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht, na makubaliano yakatiwa saini Arusha Mei 1984. Miaka saba kugawana vyombo! Mimi nilihesabu yangu kwa wiki mbili: sufuria, redio, na shuka ambalo sikulitaka tena. Desemba 1987 yakazuka mengine, polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda wakarushiana risasi hapa Busia, watu wakafa, mpaka ukafungwa. Kabla mwaka haujaisha Moi na Museveni wakakutana Malaba kutuliza. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba mpya wa Jumuiya ukatiwa saini Arusha. Tukapatana.

Kukhu akaendelea kupita usiku.

Si yeye peke yake. Jumuiya iliweka utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha na thamani yake haizidi dola 2,000, unajaziwa cheti cha asili hapo hapo mpakani, bila ajenti, na hulipi ushuru wa forodha. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Mwaka 2018 Uhuru Kenyatta na Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja hapa Busia. Malaba nao wana chao. Kila kitu halali. Na bado ukisimama Marachi asubuhi utaona akina mama na mayai, nyanya na samaki wakikatiza uchochoroni, wakimpa kijana fulani kitu kidogo ili wavushe bidhaa ambayo getini isingetozwa ushuru.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo, karatasi hizi nazijua. Nilikuwa nikiwashangaa wale kina mama. Nikasema hawana habari. Baadhi ni kweli hawana. Wengine wana sababu za haki kabisa: foleni, afisa mwenye mdomo mchafu, hofu kwamba bei itatajwa papo hapo kwa kukuangalia viatu. Lakini wapo kama kukhu, aliyeelezwa na mjukuu wake mara tatu, akaitikia mara tatu, na alfajiri akafunga leso kichwani akaenda zake njia ile ile. Mpaka siku nilipojikuta na mkate mkononi, sikumwelewa.

Mkataba unatiwa saini na mkono. Miguu haikuwepo.

Basi kilichombadilisha kukhu ni nini? Semina haikufua dafu. Alibadilishwa na jirani yake, mama muuza omena, ambaye Jumatatu moja alikuja mlangoni akasema, "Mama, leo twende wote." Wakaenda wote. Kukhu anasema alitetemeka kwenye foleni kuliko alivyowahi kutetemeka kichakani. Wakaonyesha vitambulisho, binti wa kaunta akamwamkia shikamoo, akajaza karatasi, akapiga muhuri. Jumatatu iliyofuata jirani akaja tena. Na iliyofuata. Baada ya miezi kama miwili kukhu akaenda peke yake. Sikumsikia akisema amepona kitu chochote. Alisema tu kwamba huko getini kuna lami, na magoti yake yanaipenda.

Nikaiga. Sikujiapiza kwamba nitakuwa mtu mpya. Viapo nilishakula vingi. Niligusa vitu. Ile laini ya Uganda nikaikata kwa mkasi wa ofisini. Simu ikaanza kulala jikoni, nami nikanunua saa ya mezani ya kuniamsha. Mkate nikahamishia Alhamisi. Na Ijumaa saa kumi na moja, saa yangu mbaya, nikamwomba mwenzangu wa kazini tutembee pamoja hadi stendi, njia kuu, hata kama yeye hana safari. Hakuniuliza sababu. Wiki za kwanza nilijiona mjinga, mtu mzima anasindikizwa.

Kuna jambo kuhusu kile kituo cha pamoja ambalo nalipenda. Zamani ulisimama mara mbili: unagongewa muhuri wa kutoka upande huu, unatembea, unagongewa wa kuingia upande ule. Sasa ukienda Uganda husimami Kenya. Unapita moja kwa moja, unashughulikiwa ng'ambo na maafisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Ukirudi Kenya ni vivyo hivyo, unasimama huku. Yaani walichoondoa ni ile foleni ya kuaga. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kuaga kwa miezi. Kila mara nilipotaka kumwacha nilienda kumweleza kwanza kwa nini namwacha, na maelezo yakaishia usiku huko huko.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya korona, malori ya mizigo pekee yakaruhusiwa, na foleni za madereva wanaosubiri kupimwa Malaba zikawa ndefu hadi wakawa wanapika na kulala barabarani. Njia halali ilipozibwa, zile za panya zikafufuka kama hazikuwahi kulala. Kukhu, na umri wake, alivuka mara mbili. Alinificha, nikaambiwa na yule mama wa omena. Na mimi, nimefungiwa chumbani na kafyu, nikaifungulia namba yake. Tukaongea dakika arobaini. Mwisho wa dakika arobaini nilikuwa nimeomba msamaha tena.

Mwaka uliofuata, Machi 2021, Kenya ikazuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakarundikana hapa Busia, siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Ofisini tulicheka kwa uchovu: haya basi, wameanza tena. Lakini nikaona tofauti moja. Safari hii hakuna aliyefukua mstari wa 1902. Waliandikiana barua, wakabishana kuhusu mahindi, wakafungua. Na wakati huo wote geti lilikuwa wazi kwa watu.

Mwezi uliopita kukhu alikuwa na shughuli ya mazishi ng'ambo, nikamsindikiza. Ilikuwa Ijumaa. Tulipofika mahali ile njia ya zamani inapochepuka, nyuma ya vibanda, aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Mimi pia nilikuwa nimegeuza. Tukaangaliana.

"Magoti," akasema, akanishika mkono, tukashika lami.