Kombe la Mbebaji, Ushindi wa Mpigaji

Kombe linaloshindaniwa na mataifa katika mchezo wa raga limepewa jina la William Webb Ellis, mwanafunzi wa shule ya Rugby huko Uingereza ambaye, kwa mujibu wa hekaya ambayo wanahistoria hawaisadiki sana, mnamo 1823 aliukumbatia mpira akakimbia nao badala ya kuupiga teke; na ajabu ni kwamba, mtu akizichungua fainali kumi zilizochezwa tangu 1987, ataona kuwa aghalabu aliyeamua hatima ya kombe hilo la mbebaji ni mpigaji.

Fainali ya kwanza, uwanjani Eden Park mjini Auckland, haikuashiria hayo, kwani New Zealand waliwashinda Wafaransa 29 kwa 9 kwa trai tatu, yaani mara tatu waliufikisha mpira mikononi hadi nyuma ya mstari wa wapinzani na kuulaza chini. Miaka minne baadaye, uwanjani Twickenham, Waingereza waliofika hapo kwa nguvu za wachezaji wao wazito wa mbele walighairi, wakataka kukimbia na kupasiana, nao Australia wakawalaza 12 kwa 6. Na sidhani kama kuna kocha aliyelisahau somo hilo.

Afrika Kusini, waliofungiwa mlango katika mashindano hayo mawili kwa ajili ya ubaguzi wa rangi, waliingia mwaka 1995 wakiwa wenyeji, na siku ya fainali Rais Nelson Mandela alijitokeza Ellis Park mjini Johannesburg amevaa jezi namba 6 ya nahodha François Pienaar, vazi ambalo kwa raia weusi wengi lilikuwa alama ya dhuluma. Taadhima ya tendo lile imeufunika mchezo wenyewe, ambao, tukisema kwa insafu, haukuwa na trai hata moja: pointi zote zilitoka miguuni mwa Joel Stransky wa Afrika Kusini na Andrew Mehrtens wa New Zealand, hata katika muda wa nyongeza Stransky alipoudondosha mpira, akaupiga ulipogusa nyasi, ukapita baina ya milingoti, ikawa 15 kwa 12.

Fainali za 1999, 2015 na 2019 ziliisha kwa tofauti kubwa, nazo hazituweki sana. Ila ile ya Sydney mwaka 2003 iliamuliwa katika dakika ya mwisho ya nyongeza na Jonny Wilkinson wa Uingereza, tena kwa mguu wa kulia, ilhali yeye alizoea kutumia wa kushoto. Na mwaka 2011 New Zealand waliwashinda Ufaransa 8 kwa 7 kwa penalti ya Stephen Donald, aliyekuwa akivua dagaa mtoni alipoitwa kuziba pengo la majeruhi.

Afrika Kusini, waliotwaa kombe la 2007 pia bila trai, walirudia mwaka 2023 karibu na jiji la Paris. Handré Pollard, ambaye hakuwamo katika kikosi cha awali, alifunga penalti nne. New Zealand, wakiwa pungufu baada ya nahodha Sam Cane kupewa kadi nyekundu, wakapata trai kupitia Beauden Barrett, ya kwanza kupata kufungwa dhidi ya Afrika Kusini katika fainali yoyote, lakini teke la kuiongezea pointi mbili likakosa, na penalti ya mbali ya Jordie Barrett ikapita kando, wakashindwa 12 kwa 11.