Kutu ya Kupakwa: Historia ya Motokari Ndogo Zinazozeeshwa kwa Mkono

Tukisema desturi, wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma, mahari, majina ya wazee. Leo tunaomba ruhusa ya kuongea juu ya kitu kidogo kinachoingia katika kiganja cha mkono: motokari ya mfano, ile ambayo mtengenezaji anaipaka kutu kwa makusudi ili ionekane imetembea miaka makumi mawili. Mtu atauliza: "Sasa hii nayo ni desturi?" Ndiyo. Ina wazee wake, ina kanuni zake, ina miaka yake ya kuzaliwa. Tena inatuletea swali ambalo sisi watu wa miji ya migodi tunaishi nalo kila siku: kitu kikizeeka, kinapoteza thamani ao kinapata historia?

Wahenga walisema pande zote mbili. Walisema "kipya kinyemi, ingawa kidonda". Walisema pia "ya kale ni dhahabu". Tutaona kama motokari ndogo inaweza kutusaidia kuamua.

1. Mwanzoni kulikuwa paka kungaa

Motokari ndogo za chuma zilianza kuenea katika Uingereza wakati kampuni ya Meccano ya Liverpool ilipotoa zile zilizoitwa Dinky Toys, katika mwaka wa 1934. Kisha, katika 1953, kampuni ya Lesney ilianza kuuza zile za Matchbox, ndogo sana, zilizowekwa katika kisanduku kama cha viberiti. Kule Marekani kampuni ya AMT ilitoa katika 1958 motokari za plastiki za kujiunganishia mwenyewe, kwa kipimo cha 1/25. Maana yake, sentimetre 25 za motokari ya kweli zinakuwa sentimetre moja.

Zote hizo zilikuwa na tabia moja: zilingaa. Mtoto alinunuliwa motokari mpya, na motokari mpya sherti ionekane mpya. Mpaka leo, wale wanaokusanya motokari hizo za zamani wanalipa bei kubwa zaidi kwa ile ambayo rangi yake haijabanduka na kisanduku chake kingali kizima. Kwao alama ndogo ya kuchezewa ni hasara. Kwa maneno mengine, kitu cha kuchezea kinapata bei kubwa kama hakuna mtoto aliyekichezea! Tuweke jambo hili pembeni, tutalirudilia.

2. Nani alileta uchafu?

Uchafu haukuanzia kwa motokari, ulianzia kwa treni ndogo. Huko Monterey, California, aliishi bwana mmoja jina lake John Allen (1913-1973). Alijenga ndani ya nyumba yake reli ndogo yenye milima, madaraja na miji, akaiita Gorre & Daphetid. Wengine walikuwa wakionyesha treni safi kama sahani. Yeye alipaka mabehewa yake vumbi, masizi na kutu, akazeesha mbao za nyumba zake. Alijua kazi ya fotografi, na picha zake zilipochapishwa katika magazeti ya wapenzi wa treni ndogo, watu walishangaa: hawakuweza kusema kama ni ndogo ao ni ya kweli. Alikufa mwanzoni mwa 1973, na siku chache tu nyuma ya kifo chake reli ile iliteketea kwa moto. Lakini fundisho lilikwisha kusambaa.

Katika televisheni ya Uingereza, mnamo 1965, ilitokea Thunderbirds. Mkubwa wa vyombo vyake vidogo, Derek Meddings, alipenda vichafuliwe mbele ya kupigwa picha, maana chombo safi mno kinajitangaza chenyewe kwamba ni cha kuchezea. Katika 1977 filme Star Wars ilifuata njia ile ile: vyombo vya kuruka angani vyenye mafuta, mikwaruzo na alama za moto, kama kamyo lililotoka Kasumbalesa.

Kisha walikuja watu wa vifaru vya vita. Katika miaka ya 1970 na 1980, Mbelgiji François Verlinden alijulikana sana kwa kufundisha namna ya kupitisha rangi nyembamba katika mashimo na kugusa rangi nyeupe-nyeupe juu ya kona. Watu wa motokari walitazama, wakachukua. Leo kuna wanaotengeneza paka motokari zilizoachwa porini, zenye majani ndani na mlango mmoja uliokosa.

3. Kutu yenyewe inafanya kazi namna gani?

Mtu hawezi kuiga kitu asichokijua. Kutu inatokea wakati chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni. Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, kutu haizaliwi. Chumvi inaiharakisha. Ndiyo maana katika inchi za baridi, ambako wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, motokari zinaoza kuanzia chini. Kwetu hatuna barafu, lakini tuna matope ya masika. Matope yanajificha nyuma ya gurudumu na chini ya mlango, yanashika maji siku nyingi, na huko ndiko kutu inapoanzia kula.

Kutu ina umri, na rangi yake inausema. Ya juzi ni ya machungwa. Ya zamani ni kahawia, na katika mashimo inakaribia nyeusi. Tena kutu inashuka: mvua inaitoa kwenye bulo na kuichora mstari mrefu kwenda chini, haipandi kamwe kwenda juu.

Tena si kila madini inapata kutu. Karoseri ya Land Rover za zamani, kuanzia 1948, ilitengenezwa kwa aluminiamu. Haifanyi kutu nyekundu. Rangi ikibanduka, panatokea weupe wa kijivu. Lakini shasi yake ni chuma, nayo inaoza kabisa. Basi mtu akipaka milango ya Land Rover ndogo rangi ya machungwa, mekanisye yeyote wa Bukavu atamcheka. Vile vile shaba yetu ya Katanga: ikizeeka inageuka kijani. Misalaba ya shaba ya wazee wetu, ile iliyotumika kama feza, inatoka katika udongo na rangi ya kijani. Kila madini inazeeka kwa luga yake.

4. Ginsi wanavyofanya

Tueleze sasa kazi yenyewe, kwa vijana wanaopenda kujaribu. Tunataja njia nne.

Njia ya kwanza ni ya chumvi. Wanapaka kwanza rangi ya kutu mahali pote panapotakiwa. Inapokauka, wanalowesha kidogo, wanamwaga chembe za chumvi ya jikoni, wanaacha zishikane. Juu yake wanapuliza rangi ya motokari, tuseme bluu. Ikikauka, wanasugua chumvi inatoka, na kutu inaonekana katika matundu yasiyo na mpango, kama ya kweli.

Njia ya pili ni ya laki ya nywele, ile ya salon. Rangi ya kutu inatangulia, laki inafuata, juu inakuja rangi ya akriliki. Kisha wanalowesha kwa maji ya uvuguvugu na kukwaruza kwa burushi ngumu. Maji yanayeyusha laki, na rangi ya juu inabanduka pale fundi anapotaka.

Njia ya tatu ni ya sifongo. Wanararua kipande cha sifongo, wanakichovya katika rangi ya kahawia, wanapunguza kwenye karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, kisha wanagusa-gusa kona za milango. Burushi ingefanya madoa yanayofanana. Sifongo haifanani hata mara mbili.

Njia ya nne ni ya unga. Unga wa rangi ya udongo unawekwa kwa burushi laini chini ya motokari na katika magurudumu. Ulaya wanaununua katika vichupa vidogo, na si bei rahisi. Sisi tunaukanyaga! Wekundu wa udongo wetu unatoka kwa oksidi za chuma, ndugu wa kutu yenyewe. Ukipepeta udongo huo katika kitambaa chepesi, unapata unga mzuri bila kulipa hata franga moja.

Sheria kubwa ni kipimo. Katika motokari ya 1/25, doa la kutu la sentimetre 2 linakuwa chini ya milimetre moja. Wanaoanza karibu wote wanazidisha, na motokari inaonekana kama inaugua surua. Sheria nyingine: kila doa liwe na sababu. Kwa nini rangi imekwisha hapa? Juu dereva alikuwa akiweka mkono. Kwa nini sanduku la nyuma limekwaruzika? Juu walipakia makala kila siku.

Wandugu, tuangalie vizuri njia ile ya laki. Katika maisha, motokari inaanza mpya na inamaliza na kutu. Fundi yeye anaanza na kutu, anaifunika na upya, kisha anaufunua. Sisi tunaofundisha historia tunaona hapo kazi yetu. Na sisi tunakuta wakati wa leo umefunika, tunabandua polepole ili ya chini yaonekane. Na sisi pia tunakatazwa kuweka doa bila sababu.

5. Na kwetu?

Watoto wa Kongo, sawa na wa Zambia na Malawi, wanatengeneza motokari za waya: karoseri ya waya ao ya makopo, magurudumu ya kandambili zilizokatwa, na fimbo ndefu ya kuongozea. Hakuna anayezipaka kutu, maana kopo lenyewe litafanya kutu masika ikifika. Mtoto wetu anapigana na kutu ya kweli. Anapenda motokari yake ingae.

Fundi wetu mkubwa wa mifano, Bodys Isek Kingelez (1948-2015), alifikiri vile vile. Alipokuwa Kinshasa alifanya kazi ya kutengeneza vitu vilivyoharibika katika makumbusho ya taifa, kisha akaanza kujenga miji midogo ya karatasi, katoni na plastiki. Kazi zake zilionekana Paris katika 1989 na katika makumbusho ya MoMA ya New York katika 2018. Katika miji yake hakuna doa, hakuna ukuta uliopasuka. Je, hakujua uchafu? Aliujua vizuri. Aliona mji mkuu ukichakaa mbele ya macho yake, naye akajenga ule ambao ungefaa kuwa. Mtu anayeishi kati ya barabara safi anatamani kutu. Mtu anayeishi kati ya kutu anatamani usafi. Hakuna aliyekosa.

Lakini kuna kuzeesha kwa namna ya tatu, na hapo sherti tuseme wazi. Wachongaji na wauzaji wengine wanachukua kinyago cha mwezi uliopita, wanakifukia katika udongo, wanakipitisha katika moshi, wanakipaka mafuta, kisha wanamwambia mnunuzi: "Hii ilikuwa ya babu." Mikono inafanya kazi moja na ile ya mtu wa motokari ndogo, pengine kwa ufundi mkubwa zaidi. Tofauti iko wapi? Iko katika neno linalosemwa. Mwenye motokari anasema: "Mimi ndiye nimepaka, tazama." Sisi tukitazama tunafurahi naye. Mwenye kinyago anaficha mkono wake, na kwa kufanya hivyo anawapokonya wazee historia yao: kinyago cha kweli kilipata weusi wake kwa jasho la waliokivaa. Kuiga umri ni sanaa. Kuuza umri usiokuwapo ni wizi.

6. Mwisho

Tumeuliza kama kitu kikizeeka kinapoteza thamani ao kinapata historia. Jibu letu: kinapata historia ikiwa kuna mtu wa kuisoma. Pasipo msomaji, kutu ni uchafu tu.

Katika miji yetu reli ilifika Lubumbashi katika 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka uliofuata. Mashine nyingi za nyakati zile na za baadaye zimekwisha kuoza, na mingi imekatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama mitraye. Hatuna nguvu ya kuzuia kila kipande. Lakini kijana mwenye waya, katoni, sifongo na unga wa udongo anaweza kutengeneza ile lokomotive ao lile kamyo kabla halijakatwa: si vile lilivyotoka fabriki, bali vile lilivyo leo, na kila doa mahali pake. Aende kwanza kuulizia dereva mzee: hapa palikwaruzika namna gani? Hapa paliungua lini? Mzee atajibu, na majibu yale ndiyo faida kubwa kuliko motokari yenyewe.

Walimu wenzetu, tuwape wanafunzi kazi hiyo katika likizo kubwa. Vifaa vinapatikana nyuma ya nyumba. Wazee nao wangalipo, lakini si kwa muda mrefu.