Homa ya Mafua ya Mbwa na Funzo la Miji Miwili ya Minnesota



Mwezi Aprili mwaka 2023, shirika la kuhifadhi wanyama liitwalo Animal Humane Society, katika eneo la miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, lilifunga vituo vyake vyote vitatu, vya Golden Valley, Coon Rapids na Woodbury. Kazi ya kupokea mbwa wapya na kuwakabidhi kwa watu wanaotaka kuwafuga ilisimama kwa wiki kadhaa. Sababu ilikuwa homa ya mafua, iliyoingia pamoja na mbwa waliosafirishwa kutoka jimbo la Oklahoma, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa kusini.

Huenda msikilizaji akauliza: tangu lini mbwa wakaugua homa ya mafua? Swali hilo ni la haki, kwa maana hata wataalamu walidhani kwa miaka mingi kwamba mbwa hana homa ya mafua iliyo yake mwenyewe. Historia ya ugonjwa huu inaanza kwa mnyama mwingine, naye ni farasi. Mwaka 1963, aina ya kirusi iitwayo H3N8 iligunduliwa miongoni mwa farasi huko Miami, katika jimbo la Florida, na kutoka hapo ikaenea duniani. Kwa takriban miaka 40 kirusi hicho kilibaki kuwa tatizo la mazizi.

Mwezi Januari mwaka 2004, katika jimbo lile lile la Florida, mbwa 22 wa mashindano ya mbio waliugua katika uwanja mmoja. Wanane kati yao walikufa, mapafu yao yakiwa yamejaa damu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi kilikuwa kile cha farasi, na kwamba sasa kilikuwa kimejifunza kupita kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Viwanja vya mbio wakati huo vilikuwa vikibadilishana mbwa, na kwa njia hiyo ugonjwa ukasafiri kutoka jimbo hadi jimbo.

Aina ya pili, H3N2, ilitokana na ndege huko Asia. Katika miaka ya 2000 ilionekana miongoni mwa mbwa wa Korea Kusini na China, na mwaka 2015 ikazuka katika mji wa Chicago, ambako zaidi ya mbwa elfu moja waliugua. Mbwa wengi hukohoa kwa wiki mbili au tatu kisha hupona, na wachache hufa. Haijaripotiwa kwamba mtu yeyote ameambukizwa mafua haya na mbwa. Hata hivyo, kwa kuwa ugonjwa ni mpya kwao, karibu kila mbwa anayefikiwa na kirusi huambukizwa. Kituo kilichojaa mbwa waliotoka sehemu mbalimbali ni kama kuni kavu zinazongoja cheche.

Kwa nini basi mbwa wa Oklahoma wapelekwe Minnesota? Majimbo ya kusini yana mbwa wengi wasio na wenyewe, na vituo vyao vikijaa, baadhi huuawa kwa kukosa nafasi. Kaskazini kuna familia nyingi zilizo tayari kuwachukua. Hivyo magari hupakia mbwa na kuwaendesha kuelekea kaskazini, na maelfu ya wanyama huokolewa. Hii ni kazi ya huruma, wala haistahili kulaumiwa. Lakini kirusi hakibagui kati ya safari ya biashara na safari ya huruma. Kila njia aijengayo mwanadamu, ugonjwa nao huipita.

Miji hiyo miwili, ambayo hutazamana kwenye mto Mississippi, inalijua vyema suala la kufunga milango. Homa kuu ya mwaka 1918, ile iliyofika pia Mombasa kwa meli na kuangamiza watu wengi katika Afrika Mashariki, ilipofika Minnesota, viongozi wa afya walitofautiana. Huko Minneapolis, Dakta H. M. Guilford aliamuru shule, makanisa na majumba ya sinema yafungwe kuanzia tarehe 12 Oktoba. Huko Saint Paul, Dakta B. F. Simon aliona kwamba kuwatenga wagonjwa kunatosha. Mji wake haukufunga hadi tarehe 6 Novemba.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 2007, watafiti walichapisha hesabu za miji 43 ya Marekani. Katika Minneapolis, vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vilikuwa takriban 267 kwa kila watu 100,000. Katika Saint Paul vilikuwa takriban 413. Tofauti hiyo haikutokana na jambo moja pekee, lakini miji hiyo ilikuwa na hali ya hewa moja na kirusi kimoja. Tukilinganisha miji yote 43, ile iliyofunga mapema na kwa muda mrefu zaidi ndiyo iliyozika watu wachache.

Lakini je, pale pasipo na mlango wa kufunga? Swali hilo linatupeleka Tanzania, nasi tunafika huko kwa kupitia mji ule ule wa Saint Paul. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kampasi huko, na humo ndimo Profesa Craig Packer alimoendeshea kwa miaka mingi utafiti wa simba wa Serengeti, ambao alianza kuusimamia mwaka 1978. Mwaka 1994 simba hao walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Takriban theluthi moja ya simba 3,000 walitoweka. Ugonjwa haukuwa mafua, bali distempa, unaoletwa na kirusi kilicho jamaa wa kile cha surua na kile cha sotoka ya ng'ombe. Chanzo chake kilionekana kuwa mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliongeza jambo la maana. Simba walikuwa wamewahi kupata distempa hapo kabla bila kufa kwa wingi. Safari hii ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata vijidudu vya kupe pamoja na distempa. Maradhi mawili yalikutana katika mwili mmoja.

Serengeti haina lango la kumzuia fisi au mbwa asipite. Kwa hiyo njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwachanja mbwa wa vijijini dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Chanjo ya kichaa ilimlinda hata mtoto wa mfugaji, ambaye hatari yake ni kuumwa na mbwa, wala si kuliwa na simba.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Vituo vya Minnesota viliziba ufa kwa kufunga milango, na gharama yake ililipwa na mbwa waliokuwa wakingojea nafasi huko kusini. Serengeti iliuziba kwa sindano, kijiji baada ya kijiji, na gharama yake ni kurudia kazi hiyo, maana kila mwaka huzaliwa mbwa wasio na kinga. Chanjo ya mafua ya mbwa nayo ipo Marekani tangu mwaka 2009, lakini wengi huitafuta baada ya kikohozi kusikika kwa jirani. Huo ndio udhaifu wa wanadamu ulioonekana Saint Paul mwaka 1918, na bado tunao.