Tarehe ya Dragunov na Waliodhaniwa Ndugu Zake

Habari hii inaanza na risasi, bunduki zinafuata baadaye. Mwaka 1891 jeshi la Urusi lilipokea bunduki ya Mosin, na pamoja nayo risasi ya milimita 7.62 yenye ganda la urefu wa milimita 54, lenye ukingo mnene uliotokeza kitakoni. Ukingo huo ulivifaa viwanda vya zama zile. Chemba ya bunduki haikuhitaji kuchongwa kwa vipimo vikali, kwa kuwa ukingo ndio ulioizuia risasi isizame ndani. Mosin imekwisha kustaafu. Risasi yake bado iko kazini, na ni miongoni mwa risasi kongwe kabisa zinazotumiwa na majeshi mpaka leo.

Wanaouza na kununua bunduki za masalio ya majeshi, hasa Marekani, hutazama sura kwanza. Wakiona kitako chenye tundu la kidole gumba, magazini fupi ya risasi 10 na darubini iliyopachikwa ubavu wa kushoto, huambizana hiyo ni Dragunov. Fungua kifuniko cha juu uone ndani, na utakuta nasaba nyingine kabisa. Nami nashika kauli moja: anayetaka kujua kwa nini bunduki hizi zinatofautiana aulize kila nchi ilikuwa na risasi gani ghalani, na ilikuwa imekosana na nani.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Warusi walijaribu kuwapa wadunguaji wao SVT-40 ya Tokarev, bunduki inayojipakia yenyewe kila ipigapo. Haikuwaridhisha, risasi zake zilitawanyika mno, na kuanzia 1942 kazi ile ikarudishiwa Mosin ya kuvuta bolti kwa mkono. Ikakaa hivyo hadi 1958, ulipoitishwa ushindani wa kubuni bunduki mpya ya mdunguaji. Wakajitokeza Simonov, aliyekuwa na jina kubwa tayari, Konstantinov, na Evgeny Dragunov wa Izhevsk.

Sharti lenyewe lilikuwa gumu. Ili bunduki isikwame kwenye vumbi na barafu, vyuma vyake huachiwa nafasi vicheze. Ili ipige palepale inapolengwa, nafasi hizo sharti zibanwe. Dragunov alikuwa na faida ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji huohuo wa Izhevsk, kwenye ukoo wa mafundi wa bunduki, akawa fundi wa silaha jeshini, na baada ya vita akaajiriwa kiwandani kuunda bunduki za michezo ya shabaha. Lile tundu la kidole gumba ambalo leo watu huliona kama alama ya kijeshi lilitoka kwenye bunduki za wanamichezo.

Kilichomtoa jasho ni magazini. Risasi zenye ukingo zikipangwa moja juu ya nyingine hunasana, ukingo wa juu ukiangukia nyuma ya ukingo wa chini, na hapo bunduki imekufa mkononi. Dragunov alihangaika na kisanduku kile cha bati kuliko mtu angedhani. Mwaka 1963 jeshi la Kisovieti likaipokea kazi yake kwa jina la SVD.

Wengi hudhani SVD ni Kalashnikov iliyorefushwa, na ukiitazama kwa mbali huwezi kuwalaumu. Lakini mwili wake umechongwa kutoka kwenye pande zima la chuma, bolti yake ina meno matatu ya kufungia badala ya mawili, na pistoni yake ni fupi na nyepesi, haikushikamana na kibebea bolti. Gesi ikiisukuma, nayo hukisukuma kibebea ikakiachia kiende. Chuma kinachotikisika wakati risasi ingali ndani ya mtutu ni kidogo, na hapo ndipo ulipo usahihi wake.

Haikukusudiwa mdunguaji wa peke yake anayelala kichakani siku mbili. Kila kikosi kidogo cha askari wa miguu kilipewa mtu mmoja mwenye SVD, awafikie wale ambao bunduki za wenzake haziwafikii. Darubini yake, PSO-1, inakuza mara nne tu. Chini kushoto ndani ya kioo mna mstari uliopinda wenye tarakimu. Askari humweka adui kati ya mstari ulionyooka na ule uliopinda, nyayo chini na kichwa juu, na mahali kichwa kinapogusa ndipo anaposoma umbali. Hesabu hiyo imemchukulia kila binadamu kuwa na urefu wa mita 1.7. Sijui kama kuna kifaa kingine kilichomwamini hivyo mtu wa wastani.

Miaka ya kwanza SVD ililishwa risasi za kawaida za rashasha, na mlenga shabaha alilazimika kuvumilia chochote kilichomo kwenye sanduku. Katika miaka ya 1960 mhandisi Sabelnikov na wenzake wakaiundia risasi yake maalumu, 7N1. Kichwa chake kina gramu 9.8. Nchani mna uwazi, nyuma ya uwazi kiini cha chuma, na mwishoni kipande cha madini laini kinachotanuka kujaza mtutu. Kila pakiti ya risasi 20 iliandikwa kwa Kirusi kwamba ni za wadunguaji, ili asije mtu akazimwaga kwenye mkanda wa bombomu.

Kisha likaja jambo ambalo mimi naliona kuwa kichekesho cha kiofisi. Michirizi ya ndani ya mtutu wa SVD ilikuwa ikizunguka mara moja kila milimita 320, kipimo kilichoifaa sana risasi nzuri. Katikati ya miaka ya 1970 ikakazwa hadi milimita 240, ili risasi za kutoboa na kuwasha moto nazo zitulie hewani. Zikatulia, ila mtawanyiko wa 7N1 ukaongezeka. Baada ya taabu yote ya kuitengenezea bunduki risasi yake, bunduki ikabadilishwa kwa ajili ya risasi nyingine.

Sasa tuhamie Romania. Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipoivamia Chekoslovakia, kiongozi wa Romania, Ceaușescu, alikataa kupeleka askari, akasimama mbele ya umati Bucharest na kuulaani uvamizi. Kuanzia hapo Waromania walijitahidi kujitengenezea silaha nyumbani badala ya kumtegemea Moscow, naye Moscow hakuwa na haraka ya kuwapa siri zake. Walichokuwa nacho ni maghala yaliyojaa risasi za 1891, na kiwanda cha Cugir kilichokuwa kikiunda silaha za ukoo wa Kalashnikov.

Mafundi wa Cugir hawakuinakili SVD. Waliichukua rashasha nyepesi ya RPK, wakairefusha tumbo iweze kumeza ganda la milimita 54, wakaipa mtutu wa milimita 620, magazini ya risasi 10 na kitako chenye tundu. Ikazaliwa PSL katika miaka ya 1970. Mwili wake ni bati lililopigwa na kuunganishwa kwa ribiti. Pistoni yake ni ndefu na imeungana na kibebea bolti, kwa hiyo kila ipigapo chuma kizito hukimbia nyuma na mbele. Mtutu wake ni mwembamba na hupata moto upesi, na ukishapata moto risasi huanza kutangatanga. Magazini yake ina alama ya X ubavuni, nayo haiingii kwenye SVD, wala ya SVD haiingii humo.

Wapo wanaoiita PSL Dragunov ya maskini. Mimi sikubaliani nao. Cugir ilitakiwa itoe bunduki ya kufika mita mia kadhaa zaidi ya ile ya askari wa kawaida, kwa mitambo iliyokuwapo na kwa bei ambayo nchi ingeimudu. Ilitoa.

Yugoslavia ilikosana na Stalin mapema zaidi, mwaka 1948, na risasi yake ilikuwa nyingine: ya Kijerumani ya milimita 7.92, ganda la milimita 57, isiyo na ukingo wa kutokeza. Risasi hiyo sisi wa pwani tunayo habari yake. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki bado walibeba bunduki za mtindo wa 1871, zilizotoa moshi mzito na kumwonyesha adui walipo. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojigeuza ya Kidenmaki, ikaingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga na shehena ya bunduki mpya za Mauser na mamilioni ya risasi za 7.92, nyuma yake manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha wa Rubens, Christiansen, akaizamisha meli yake penye kina kifupi. Waingereza wakaondoka wakidhani mambo yamekwisha, na wapiga mbizi wakaitoa shehena. Risasi zililowa maji ya chumvi, zikafunguliwa kwa mkono, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa upya.

Ndiyo risasi hiyo Wayugoslavia waliyobaki nayo kwa wingi baada ya 1945, na bunduki zao za M48 na rashasha zao za M53 ziliendelea kuila. Basi kiwanda cha Zastava cha Kragujevac, mji uliokuwa ukisubu mizinga tangu 1853, kilipotaka bunduki ya mdunguaji hakikuona sababu ya kuagiza risasi ya Kirusi. Kikaikuza Kalashnikov yake, kikaupa mtutu milimita 550, ikawa M76. Kwa ndani iko karibu na PSL kuliko SVD, lakini mwili wake umechongwa, na mlo wake ni wa Mauser.

Irak nayo iliunda yake, Al-Kadesih, jina la vita ambavyo Waislamu waliwashinda Waajemi. Saddam alikuwa akipigana na Iran wakati huo, na jina halikuchaguliwa kwa bahati. Magazini yake ina mtende uliobonyezwa kwenye bati. Wachina waliinakili SVD yenyewe.

Maghala ya Ulaya Mashariki yalipofunguka baada ya 1989, vyote hivi vikatafuta soko, na soko kubwa likawa Marekani. Bunduki za Kirusi ziliingia chache, kisha makubaliano ya 1996 kati ya Washington na Moscow yakazuia aina hiyo. Mlango ukabaki wazi kwa Waromania. Ndiyo maana PSL ikaenea madukani kwa majina kama ROMAK-3, huku SVD halisi ikibaki kitu cha kusimuliwa.

Risasi zilikuja kwenye makopo ya bati yaliyopakwa rangi ya kijani, 440 kila kopo, makopo mawili kwa sanduku la mbao, na kisu chake cha kufungulia. Juu pamepigwa muhuri wa mwaka na namba ya kiwanda: 188 ni Novosibirsk, 17 ni Barnaul, 60 ni mji ambao leo unaitwa Bishkek. Ncha ya fedha ni risasi nyepesi yenye kiini cha chuma. Ncha ya njano ni ile nzito ya 1930, yenye gramu karibu 12, iliyokusudiwa bombomu. Wenye PSL huonyana juu ya hiyo ya njano, kwa sababu kibebea bolti hupiga ukuta wa nyuma kwa nguvu ambayo bati halikuandaliwa kuipokea.

Fataki za risasi hizo za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi hata ukiyamimina chupa nzima. Dawa ni maji ya moto kwanza, kisha kukausha, kisha mafuta. Mnunuzi asiyeambiwa hayo hukuta kutu asubuhi, akailaumu Cugir.

Septemba 2021 Marekani ilianza kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na mwaka uliofuata vita vya Ukraine vikayarudisha makopo ya kijani kwenye kazi yake ya asili. Leo mwenye PSL na mwenye M76 wanaweza kununua risasi kutoka kiwanda kimoja cha Prvi Partizan, mjini Užice huko Serbia, kinachotengeneza ya 1891 na ya Mauser zikiwa na ganda la shaba ya manjano na fataki isiyoacha chumvi. Nao Kragujevac waliishia kuunda M91, mrithi wa M76, ambayo chemba yake ni ya risasi ya Kirusi yenye ukingo.