Malale: karne ya arseniki

Melasoproli, dawa ya malale, haikutiwa kwenye bomba la sindano la plastiki, kwa sababu iliyeyusha plastiki. Wauguzi walitumia mabomba ya kioo, wakachoma polepole mno huku wakichunga isivuje nje ya mshipa, maana ikivuja nyama huoza. Wagonjwa walisema ni moto unaopita mwilini. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa, watano hadi kumi waliharibiwa ubongo na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa.

Dawa hiyo ya arseniki ilianza kutumika mwaka 1949, na ilikuwa bado mahospitalini karne hii ilipoingia, enzi ambayo wengine duniani walishasahau kwamba arseniki iliwahi kuitwa dawa. Mwenye kutaka kujua ilidumuje hivyo inabidi arudi kando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1901, madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa ajabu katika Hospitali ya Mengo, Uganda. Watu walikonda, wakapoteza fahamu mchana, wakasinzia na chakula mdomoni. Katika miaka michache iliyofuata zaidi ya watu 200,000 walikufa Busoga, Buganda na visiwani. Uingereza ikatuma tume. Mwitaliano kijana, Aldo Castellani, akiwa Entebbe mwaka 1902, aliona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce, aliyekwishavikuta vimelea vya jamii hiyo kwenye ng'ombe wa Zululand, alionyesha kwamba msambazaji ni ndorobo, yule inzi ambaye wengine humwita mbung'o.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mikono. Mgonjwa wa malale ya Afrika Magharibi na Kati huvimba tezi nyuma ya shingo, na daktari Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, aliiandika dalili hiyo mwaka 1803. Hata hivyo haikuwa ugunduzi wa daktari. Wafanyabiashara ya utumwa walikuwa tayari wakipapasa shingo za watu, na mwenye tezi walimkataa. Dalili hiyo ina jina la Winterbottom mpaka leo. Ingekuwa haki zaidi kukumbuka ilivyopatikana.

Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani ambaye mwaka uliotangulia alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu, alipiga kambi visiwa vya Ssese. Alikuja na Atoxyl, dawa ya arseniki ambayo watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba huua tripanosoma kwenye wanyama. Wagonjwa walimiminika. Sindano chache tu, na vimelea vilitoweka kwenye damu. Waliokuwa wamelala wakaamka, wakatembea. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza kiasi hadi gramu nzima kwa sindano, na wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka moja kwa moja. Alirudi Ujerumani mwaka 1907 akiwa bado anaisifu dawa yake. Utawala wa Uingereza nao ukachukua njia nyingine: Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kandokando ya ziwa, na kufikia 1909 visiwa vya Ssese vikabaki vitupu. Mlipuko ulipungua, lakini si kwa sindano.

Dawa zilizofuata zilikuwa na mipaka ileile. Kampuni ya Bayer ilitoa suramini, iliyouzwa kwa jina la Germanin, ikaficha namna inavyotengenezwa mpaka Mfaransa Ernest Fourneau alipoifumbua na kuitangaza mwaka 1924. Pentamidini ilifuata baadaye. Zote mbili ni nzuri, ila haziingii kwenye ubongo kwa kiasi cha kutosha. Hapo ndipo kipimo cha Castellani kilipogeuka kuwa hukumu. Mgonjwa alikunjwa, sindano ikaingia mgongoni, na maji yaliyotoka yakapelekwa kwenye hadubini. Yakionekana safi, alipata suramini au pentamidini. Yakikutwa na vimelea, au chembe nyeupe nyingi, ilibidi arseniki, kwa sababu hakikuwepo kingine cha kufika kichwani.

Njia nyingine ilitokea pasipotarajiwa. Eflonitini ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, haikufaa sana huko, lakini katika miaka ya 1980 iliwaamsha wagonjwa wa malale waliokuwa wamezama kabisa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1990. Kisha uzalishaji ukasimama, kwani wanunuzi walikuwa watu wa vijijini wasio na pesa. Mwaka 1998 waliosajiliwa kuugua malale walikaribia 40,000, wengi wao wakiwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi waliofika hatua ya ubongo walipewa melasoproli. Miaka miwili tu baadaye eflonitini ilirudi sokoni Marekani, safari hii kama krimu ya kupunguza nywele za uso kwa wanawake. Sina ugomvi na krimu. Lakini aibu hiyo, pamoja na shinikizo la Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani, ilifanya kazi ambayo vifo havikuweza: mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kuitoa dawa hiyo bure.

Haikuwa dawa rahisi. Ilihitaji dripu kila baada ya saa sita kwa siku kumi na nne, yaani dripu 56, katika hospitali zenye wauguzi wawili na maji ya kuchota. Kuanzia 2009 ilichanganywa na nifutimoksi, dawa ya vidonge, zikabaki dripu 14 kwa wiki moja. Ndipo shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, lilipochimbua feksinidazoli, dawa iliyokuwa imeachwa kwenye kabati za watafiti tangu miaka ya 1980. Ilijaribiwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2018 Kongo iliiidhinisha. Ni vidonge, siku kumi, mgonjwa huvimeza nyumbani au kituo cha afya, mradi awe amekula kwanza. Mwaka huohuo wagonjwa waliosajiliwa duniani walikuwa chini ya 1,000.

Dawa hizo mpya zilikuwa za malale ya Gambia, ile ya Afrika Magharibi na Kati. Ya pili, ya Rhodesia, inayopatikana Tanzania, Malawi, Zambia na Uganda, huua kwa miezi badala ya miaka, na eflonitini haiifai. Wagonjwa wake waliofika hatua ya ubongo waliendelea na melasoproli mpaka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 ulipowaruhusu nao vidonge vya feksinidazoli. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili. Kenya ilithibitishwa mwaka 2025 kuwa imetokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Kipimo cha haraka cha tone la damu, kinachotumika Kongo, hakiioni malale ya Rhodesia. Mtu akitoka porini Serengeti, Tanzania, au Nkhotakota, Malawi, akiwa na homa na jeraha la ndorobo lililovimba, fundi wa maabara bado huweka damu yake kwenye kioo, akaitafuta tripanosoma kwa hadubini.